Nesi Asiyepimwa

Kijinga kimoja cha moto, hata kiwe cha mti mgumu namna gani, kikiachwa peke yake mafigani hakiivishi chungu. Hufuka moshi, huwatoa watu machozi, kisha huzimika chenyewe bila kumwagiwa maji. Kisogezee mwenzake, halafu mwingine, ndipo utakapoona ndimi za moto. Wahenga walipotuachia methali ya kinga na kinga ndipo moto uwakapo, walimaanisha kwamba jambo la wengi halimalizwi na mmoja, hata awe na elimu ya kujaza ghala. Tokie Hirabayashi hakuwa mgeni wa maneno ya aina hiyo. Kosa lake ni kwamba alidhani yanawahusu watu wengine.

Tokie alikuwa nesi wa serikali katika kijiji cha Nezawa, huko Shinshu, nchini Japani, ambako milima imesongamana hadi jua huchelewa kufika na huwahi kuondoka. Siku hizo kila nyumba ya Nezawa ilikuwa na pipa la miso, ile rojo ya soya yenye chumvi ya kupikia supu, na pipa la achari kabla haijafikiria kununua televisheni. Theluji ilipoanguka, wanaume wenye nguvu walishuka mijini kutafuta vibarua, wakabaki wazee, wanawake na mapipa. Na kila majira ya baridi kiharusi kilipita kuchukua chake. Mtu alitoka kwenye chumba chenye joto kwenda msalani, kwenye baridi ya kukata masikio, asirudi. Watu walisema, "Amepigwa," wakapeleka mchele msibani, kisha wakarudi nyumbani kula achari.

Umri wa kuulizwa ataolewa lini Tokie alikwisha kuupita. Wazazi wake walikuwa wamefariki, na kaka yake wa pekee aliishi mbali kusini, mtu wa kuandikiana naye kadi ya mwaka mpya basi. Alipanga chumba cha nyuma kwa Bibi Masuno, mjane mwenye maneno machache na sifa kubwa, kwani hakuna mwanamke bonde zima aliyejua kulaza achari kama yeye. Bibi huyo alikuwa amekula chumvi nyingi, kwa umri na kwa mdomo.

Kila asubuhi Tokie alijifunga skafu, akachukua mkoba wenye mashine ya kupimia presha, akaanza kupanda na kushuka nyumba kwa nyumba. "Karibu, mwalimu, karibu uingize miguu!" walimwambia, maana huko mtu mwenye elimu huitwa mwalimu hata kama hajawahi kushika chaki. Naye aliingiza miguu chini ya meza fupi iliyofunikwa blanketi nene, palipokuwa na makaa ya kuwapasha moto. Hapo hapo chai ikaja, na pamoja na chai bakuli la majani ya mboga yaliyolazwa kwenye chumvi tangu theluji ya kwanza.

Sasa, chai ya Nezawa haiteremki yenyewe. Huteremshwa na achari. Mgeni asiyegusa achari ameitukana nyumba, amemtukana mama aliyeilaza, na amemtukana hata marehemu mama mkwe aliyemfundisha kuilaza. Tokie alilijua hilo, akala. Alikula nyumba ya kwanza, akala ya pili, akala mpaka ya mwisho. Maskini, alihubiri ubaya wa chumvi akiwa na chumvi mdomoni.

"Mzee Genpachi, presha yako imepanda tena," alimwambia siku moja fundi wa mapipa. "Supu ya miso ipunguzwe makali. Na achari iwe ya kuonja tu."

"Nimesikia, mwalimu. Nitapunguza kuanzia kesho," akajibu mzee huyo huku akimsogezea bakuli. "Leo tuimalize hii, maana kesho itakuwa imepungua."

"Sitanii, mzee wangu."

"Wala mimi. Lakini nikiwaambia watu waache achari, mapipa yangu nitamuuzia nani? Unataka nife kwa njaa badala ya presha?"

Mkewe, Bibi Hatsu, alicheka hadi akafuta machozi, kisha akamwongezea mgeni chai. Wote walimpenda Tokie, na hakuna aliyemsikiliza.

Ofisi ya afya ya wilaya ilikuwa imeagiza kila kijiji kichague wanawake wa kufanya kazi pamoja na nesi. Nezawa ilichagua wachache, na kinara wao alikuwa Yasue, mke wa mkata magogo, mwenye mabega mapana na mdomo usio na mlango. Tokie aliwapokea vizuri. Aliwapa kazi ya kutandika mikeka, kuchemsha maji na kubeba mkoba. Lakini mashine hakuna aliyeigusa.

"Acha, nitafanya mwenyewe," alisema Tokie, Yasue aliponyoosha mkono. "Ni kitu cha kuharibika upesi."

"Sawa, mwalimu," akajibu Yasue. "Punda haulizi kilichomo kwenye gunia."

Tokie akacheka, akidhani ni utani. Yasue naye akacheka, akijua si utani.

Kutwa nzima Tokie alikuwa kati ya watu, na hakuwa na mtu. Alipoingia mahali mazungumzo yalikatika, watu wakajiweka sawa nguo. Walimwambia wapi panawauma, wakamwambia mpaka ndoto zao, lakini hakuna aliyemuuliza ameamkaje. Katika bafu la kijiji, kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini, wanawake walisuguana migongo wakisimangana na kuchekeana. Yeye walimpisha kwa heshima kwenye maji mazuri zaidi, wakarudi upande wao. Basi alijisugua mgongo mwenyewe, pale mkono ulipoweza kufika. Akitoka hapo alipita kwenye njia nyeupe isiyo na sauti ila ya viatu vyake, akaingia chumbani kwake, akasema "Nimerudi," kama ilivyo desturi, ingawa hakuwepo wa kumwitikia.

Mwishoni mwa majira ya vuli alitangaza siku ya supu. Kila nyumba ilete kichupa cha supu yake ya asubuhi kwenye ukumbi wa kijiji, atie matone ya dawa, na rangi itasema ukweli. Rangi ikiwa hafifu, chumvi ni ya wastani. Ikikoza, chumvi imezidi. Wanawake wakaja na vichupa vyao wamevificha kwenye mikono ya kimono. Tokie akatia dawa kichupa cha kwanza, rangi ikawa hafifu. Cha pili hivyo hivyo. Cha Bibi Hatsu kikawa hafifu kuliko vyote. Alipofika mwisho wa meza alifunika chupa ya dawa, akawageukia.

"Hongereni, mama zangu," alisema. "Hongereni sana. Sikuwa na habari kwamba mlikuwa mnanisikiliza."

Wanawake wakainamisha vichwa, wakatazama mikeka. Yasue alikohoa, akafunua mdomo, akaufunga. Na kwa Yasue kuufunga mdomo lilikuwa jambo la kuandikwa. Jioni Tokie alijimiminia kikombe cha chai, akajipongeza peke yake. Siku zilizofuata alipanga upya safari zake: nyumba zilizofanya vizuri hazikuhitaji kutembelewa mara kwa mara. Ya Mzee Genpachi akaisogeza mwisho kabisa.

Baridi ilipofika kileleni, Mzee Genpachi alikutwa amelala kifudifudi karakanani, karibu na pipa alilokuwa akilifunga pete. Alikuwa amepigwa. Hakufika jioni.

Kwenye msiba, majirani ndio wanaopika, na mgeni hapewi nafasi ya kukataa. Mtu akamwekea Tokie bakuli la supu mbele yake. Akapiga funda moja, chumvi ikamkaba koo. Akanyanyua macho. Wanawake wa jikoni walikuwa wamesimama mlangoni na aproni zao nyeupe, na walipogongana naye macho, kila mmoja akapata kitu cha kutazama sakafuni. Hapo akaelewa. Hii ndiyo supu ya Nezawa, ya jana, ya juzi na ya miaka yote. Vile vichupa vilikuwa vimeongezwa maji ya moto.

Alilinywa bakuli lote, kwa sababu ni msiba. Alimwinamia Bibi Hatsu, akashindwa kumtazama usoni. Njiani aliumia mpaka akasimama katikati ya theluji. Walimfanya mtoto mdogo. Walimchekea, naye akawapongeza! Na lililomchoma zaidi ni kwamba nyumba ya yule mzee aliiacha mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe, kwa kuamini kichupa cha maji.

Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu asubuhi. Chumbani alifungua mkoba, akajizungushia kitambaa cha mashine mkononi kwa mkono mmoja na meno, akajipima. Hakuamini alichokiona, akarudia. Ikatoka vilevile, juu sana, presha ya mtu anayengoja kupigwa.

Je, angemwambia nani? Ofisi ingemwondoa. Kijiji kingesema, nesi wa presha ana presha, kuna haja gani ya kumsikiliza? Mzimamoto hatangazi kwamba kwake kunaungua. Basi akajikaza kisabuni, akanyamaza. Akaamua kwamba dawa ya yote ni kuongeza bidii. Alirudi kwenye nyumba zote, akaongeza na za juu kwenye miteremko, na kila nyumba aliyoiongeza iliongeza bakuli lake la achari.

Hivyo ndivyo ilivyofika mchana mmoja, theluji ikishuka taratibu, Tokie amerudi kwa Bibi Masuno kupumzika kidogo. Yasue alikuwa nyuma yake na mkoba begani. Bibi Masuno akaweka chai, akaweka na bakuli lake mashuhuri.

"Kula, mwalimu. Hii nimeifungua leo."

Tokie akanyoosha vijiti. Akashika jani, likaanguka. Akalishika tena, vijiti navyo vikaanguka. Akautazama mkono wake wa kulia umelala juu ya blanketi kama mkono wa mtu mwingine. Alitaka kuomba radhi, lakini maneno yalitoka yamepondeka.

"Mwalimu!" Yasue aliruka. "Mdomo wako umekwenda upande!"

Bibi Masuno alikuwa ameshaiona sura hiyo, tena kwenye meza hiyo hiyo, kwa mumewe. Hakupiga kelele. Alimshika Tokie mabega, akamlaza ubavu, akamfunika.

Yasue akavuta mkoba, akaufungua.

"A-acha," Tokie alisema. "Nita... mwenyewe."

"Kwa mkono upi?" akauliza Yasue.

Tokie akautazama ule mkono wa kulia. Akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni. Yasue alikwisha kuitazama kazi ile siku nyingi mno. Akafunga kitambaa, akakaza mahali pasipo pake. Kidogo kidogo ulimi wa Tokie ukafunguka, vidole vikaanza kumwitikia, na jambo la kwanza alilolisema kwa ufasaha lilikuwa, "Juu kidogo ya kiwiko. Sasa bandika hicho cha kusikilizia hapo upande wa ndani, sikiliza. Ukisikia mpigo wa kwanza, tazama kipimo."

"Sisikii kitu. Kimya tu... Lo! Nasikia! Nakusikia, mwalimu. Unagonga kama mtu aliyefungiwa nje."

"Tazama kipimo, Yasue."

Yasue akatazama. Uso ukamshuka.

"Ni kubwa?" akauliza Bibi Masuno.

"Ni kama ya marehemu Genpachi."

Chai ilipoa mezani. Nje theluji ilidondoka kutoka paani, puh, ikanyamaza.

"Ulijua?" akauliza Bibi Masuno.

"Nilijua tangu msiba."

"Na hukutuambia? Unalala chini ya paa langu, na hukuniambia?"

"Ningewaambia nini, bibi?" Tokie alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na adabu. "Ninyi mliniambia habari ya supu yenu? Mliniacha nisimame pale niwapongeze. Mkaniacha nikaitelekeza nyumba ya Mzee Genpachi!"

Bibi Masuno alikaa akapiga magoti, akaweka viganja sakafuni.

"Tuliongeza maji. Wazo lilikuwa langu, usimtafute mwingine. Tulikuwa tunakuona unavyokuja na theluji mpaka magotini, huna mume, huna mtoto, unatuomba kitu kimoja tu. Nikawaambia wenzangu, huyu mwanamke asije akaaibika mbele ya wakubwa zake kwa ajili yetu. Tulikuonea huruma." Kisha akainua kichwa, akauliza, "Na wewe? Achari zote hizo ulikuwa unazilia nini, na unajua zinafanya nini?"

"Ningekataaje? Mngesema nimezitukana nyumba zenu."

Bibi Masuno akalitazama bakuli lake. Midomo yake ilikuwa ikihesabu kimya kimya, nyumba ya huku, nyumba ya kule, za bondeni, za mteremkoni. Halafu yule bibi ambaye hakulia kwenye maziko ya mumewe akaanza kulia. "Kijiji kizima tumekuwa tukikulisha, kila mtu kidogo, kila mtu kwa heshima. Mama wee, tulikuwa tunakuua kwa kukukirimu."

"Sisi tunamdanganya kwa heshima, yeye anajimaliza kwa heshima," akasema Yasue akifuta pua kwa aproni. "Heshima ya namna hii itatufukia sote."

Daktari alipanda kutoka mjini kesho yake. Alisema lile pigo lilikuwa la kubisha hodi tu; lijalo litaingia. Akampa Tokie dawa, akamwamuru alale mpaka theluji iyeyuke. Nesi mwingine angeletwa majira ya kuchipua, kabla ya hapo hakuna.

"Na kijiji?" akauliza Tokie.

"Kijiji kitasubiri."

"Na kiharusi nacho kimekubali kusubiri, daktari?" Yasue alidakia kutoka mlangoni.

Daktari akavaa koti lake. Alipoondoka, Tokie alikaa muda mrefu akiutazama mkoba wake. Ulikuwa ndio kitu pekee alichokuwa nacho Nezawa, kitu kilichomfanya afunguliwe milango. Mwisho akausukuma kwa mguu kuelekea kwa Yasue.

"Waite wenzako. Nitawafundisha nikiwa nimelala."

Wakaja, chumba cha nyuma kikajaa hadi mlango haukufungika. Walipimana wao kwa wao, wakikosea, wakicheka, wakitishana. Kipimo cha Bibi Masuno kilipanda mpaka kicheko kikakatika, naye akashusha mkono wa nguo yake polepole. Kisha wakaja na vichupa vyao tena, safari hii bila maji. Tokie akatia matone, na kila kichupa kikakoza kuliko cha jirani yake. Cha Yasue kilikuwa cheusi kabisa.

"Hiyo si supu, ni wino!" mmoja akasema. "Mumeo anakunywa au anaandikia?"

Wakaangua kicheko. Bibi Hatsu peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa pembeni na kichupa chake mapajani.

"Mngecheka hivi siku ile ya kwanza," akasema taratibu, "labda mzee wangu angekuwapo."

Ukweli ukisemwa kwa sauti ndogo namna ile haujibiwi. Mwishowe mwanamke mmoja akasema lililokuwa moyoni mwa wote, "Lakini nikipika supu nyepesi, mume wangu atasema nimekuwa mchoyo. Na jirani akija, atakwenda kusema nyumba yangu imefilisika."

Tokie akafunua mdomo. Alikuwa na majibu tele, yote ya kitabuni. Akaona hakuna hata moja linalofaa, akaufunga. Hilo huenda ndilo jambo la maana kuliko yote aliyoyafanya Nezawa.

"Nani hapa ana achari ya kuishinda yangu?" Bibi Masuno akauliza ghafla.

"Aka! Nani athubutu?"

"Basi naanza mimi. Kuanzia kesho kwangu chai ni kwa viazi vya kuchemsha. Achari nitailoweka kwenye maji kwanza, na itakuja mezani kiduchu. Itakuwa na ladha ya majani ya mbuzi, najua. Atakayesema Masuno kafilisika aje aniambie hapa usoni."

"Usianze peke yako, bibi," akasema Yasue. "Tupunguze wote siku moja. Supu zikiwa nyepesi kijiji kizima, mchoyo atakuwa nani?"

Wakatazamana. Jambo ambalo Tokie alilitafuta miaka yote, akilipandia na kulishukia milima, lilikuwa limesemwa na Yasue kwa pumzi moja. Bibi Hatsu akapapasa kichupa chake kwa kidole, akasema, "Hata mimi nimo. Nitabeba mkoba zamu ya kwanza."

Siku ya safari yao ya kwanza, Tokie alilala akisikia viatu vyao vikilia kwenye theluji mpaka vikapotea. Nyumba ikawa tupu. Hakuwahi kuwa mpweke kama mchana huo. Zamani alijifariji kwamba wanamhitaji; sasa walikuwa wanakwenda bila yeye, na huenda walikuwa wanafanya vizuri, na kufanya kwao vizuri kulimfurahisha na kumuuma papo hapo. Akawaza, theluji ikiyeyuka nitaondoka, nani atajua kwamba niliwahi kuwa hapa? Aligeukia ukuta. Chai yake ikapoa, hakuinywa.

Jua lilikuwa linaelekea nyuma ya mlima aliposikia kelele zao. Waliingia wote kwa pamoja, wekundu wa mashavu, theluji mabegani, kila mmoja akitaka kusimulia yeye: mzee wa juu aliyekuwa na presha ya kutisha wakamwambia mwanawe amshushe kwa daktari, bibi aliyewafukuza kisha akawaita tena, supu nyepesi iliyomwagwa na ikapikwa upya iwe nyepesi zaidi. Tokie akasikiliza, akatabasamu, akauliza kama inavyompasa, "Mmemaliza nyumba zote?"

"Bado," akasema Yasue. "Imebaki moja."

Tokie akainuka kwa kiwiko. "Ya nani? Msiiache hata moja, nawasihi. Mimi niliacha moja."

"Hii," akasema Bibi Hatsu.

Akapiga magoti kando ya godoro. Akauchukua mkono wa Tokie, akauona una baridi, akautia kati ya viganja vyake viwili, akausugua taratibu kama mtu anayempasha moto mtoto aliyetoka nje. Hakusema kwamba amemsamehe. Aliendelea tu kuusugua, huku Yasue akifungua mashine na Bibi Masuno akishika taa karibu.

"Umeshindaje leo?" Bibi Hatsu akamuuliza.

Tokie alitaka kusema "vizuri," kama anavyosema mtu mzima, lakini alikuwa hajaulizwa swali hilo kwa muda mrefu mno. Akaangua kilio mbele yao wote, kilio cha sauti, bila adabu hata kidogo.

"Nyamaza, Tokie," akasema Yasue, ambaye siku zote alimwita mwalimu. "Ukilia presha inapanda, tutaandika uongo tena."

Kicheko kikajaa chumba, Tokie naye akacheka na machozi yake, na ikabidi wapime mara ya pili. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda kwake. Kweli, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.